Maswali ya Wasomaji: Mbona theluji yangu imetoka kijivu?

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka kwa watu wa aina mbili: wanaokwenda pwani siku moja au mbili kisha warudi kazini, na walioamka asubuhi wakakuta theluji imetanda hadi mlangoni. Nimeamua kuwajibu pamoja, kwa sababu shida yao ni moja. Mchanga mweupe, povu la mawimbi na theluji huirudishia kamera mwanga mwingi kuliko inavyotarajia, na mpiga picha ana saa chache tu kabla ya kufunga mizigo au kabla ya theluji kuyeyuka. Wote wanapiga picha kwa mapenzi tu, na mapenzi hayo nayaheshimu, kwa hiyo sitawakatia majibu.

Mwalimu, shikamoo. Theluji ilianguka usiku kucha, asubuhi nikatoka na kamera kabla watu hawajaikanyaga. Kwa macho ilikuwa nyeupe ya kuumiza. Kwenye picha imetoka kijivu kama majivu, na vivuli vyote ni vya buluu. Kamera yangu ni mbovu?

Marahaba. Kamera yako ni nzima. Kipima mwanga kilichomo ndani yake hakijui kwamba kinaangalia theluji. Kimetengenezwa kwa dhana moja: kwamba mandhari ya kawaida, yenye majani, kuta, ngozi za watu na vivuli, ukiichanganya yote utapata kijivu cha kati, kile cha kadi ya wapiga picha inayoakisi asilimia 18 ya mwanga. Theluji mpya huakisi zaidi ya asilimia 80. Kipima mwanga kikikutana na weupe kiasi hicho, kinadhani mwanga umezidi, kinaupunguza mpaka weupe wote ushuke kwenye kijivu chake. Hiyo ndiyo picha uliyonayo.

Kwa hiyo uamuzi uuchukue wewe. Tafuta kwenye kamera kitufe au gurudumu lenye alama za + na −. Kila hatua moja ya kuongeza ni mwanga mara mbili. Fanya hesabu: 18 mara mbili ni 36, mara mbili tena ni 72. Hatua 2 zimekufikisha karibu kabisa na theluji yenyewe, ndiyo maana kwa theluji tunafanya kazi kati ya +1 na +2. Theluji ikijaza fremu yote na jua likiwaka, sogea karibu na +2. Kukiwa na miti myeusi au mtu mwenye koti jeusi aliyechukua nusu ya picha, +1 au hata chini ya hapo inatosha, kwa sababu lile giza limeshasawazisha mambo. Mchanga mkavu mweupe wa pwani hauakisi kama theluji, kwa hiyo huko +1 mara nyingi ndiyo mwisho.

Usiamini kioo cha kamera ukiwa nje. Kwenye mng'ao wa theluji kila picha inaonekana nyeusi, na ukiifuata hisia hiyo utazidisha mwanga mpaka theluji ipoteze umbile lake lote. Fungua histogramu, yaani grafu inayoonyesha mwanga wa picha, giza likiwa kushoto na weupe kulia. Unataka grafu ilalie upande wa kulia, lakini isibanwe kwenye ukingo. Ikibanwa, pale pametoka karatasi tupu na hakuna programu itakayokurudishia kitu. Ukipiga kwa faili za RAW, zinazohifadhi kila kilichonaswa na kamera, badala ya JPEG zilizokwisha kubanwa, una nafasi zaidi ya kurekebisha, ingawa si nafasi ya kufanya uzembe.

Kuhusu buluu, nakuomba usiifute yote. Theluji iliyo juani inaangazwa na jua. Iliyo kivulini inaangazwa na anga peke yake, na anga ni buluu. Macho yetu huizoea rangi hiyo na kuacha kuiona, ila kamera haizoei. Ukienda kwenye mpangilio wa rangi ukachagua alama ya kivuli, buluu itapungua, lakini sehemu zenye jua zitageuka njano mbaya. Mimi hupanga rangi kwa kufuata theluji iliyo juani, kisha vivuli naviacha na ubaridi wao. Picha ya theluji isiyo na buluu hata kidogo haina baridi ndani yake.

Jambo la mwisho kwako, kwa kuwa umesema ulitoka asubuhi: piga magoti kando ya alama moja ya mguu. Jua likiwa chini, ukingo mmoja wa ile alama unawaka, ukingo wa pili umezama kivulini, na kati yake unaona chembechembe zilizomomonyoka zikalala chini, nyingine zinamweta kama umekaa pembe sahihi. Songa kidogo kushoto, mmweto unahama. Hicho kipande kidogo kinaeleza theluji kuliko uwanja mzima uliopigwa ukiwa umesimama. Na maeneo yaliyo mbali na ikweta, jua la majira ya baridi halipandi juu sana mchana kutwa, kwa hiyo mwanga huo wa pembeni haukuishii saa mbili baada ya macheo.

Salaam. Nakwenda pwani kwa siku mbili, nina simu tu. Wenzangu wanasema nisijisumbue. Niende saa ngapi ufukweni, na nitembelee sehemu ngapi?

Jisumbue, tafadhali. Simu ya leo inatosha kabisa kwa pwani, mradi uisimamie. Gusa kioo mahali unapotaka pawe sahihi na ushikilie kidole. Kwenye simu nyingi umakini, yaani umbali ambao picha inatoka kali, na mwanga vitafungwa hapo. Kisha telezesha kidole juu au chini kuongeza au kupunguza mwanga. Ni kile kile nilichomweleza ndugu wa theluji.

Sehemu ngapi? Moja. Ikizidi sana, mbili zilizo jirani. Najua inauma kusikia hivyo ukiwa na siku mbili tu, lakini pwani hubadilika yenyewe hata ukisimama pale pale. Anayekimbia kutoka ufukwe hadi ufukwe anazikuta zote katika saa mbaya. Nenda mahali pamoja jioni ya kwanza ukapatazame, urudi alfajiri, urudi tena jioni ya pili ukiwa tayari unajua mwamba upi unashika mwanga wa mwisho.

Kabla hujasafiri tazama mambo mawili: saa za jua kuchomoza na kuzama, na jedwali la maji kujaa na kupwa. Hili la pili ndilo watu hulisahau. Katika pwani nyingi za dunia, kutoka maji kujaa hadi kupwa ni kama saa 6 na dakika 12, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Maana yake ni kwamba ukikuta maji yamekupwa jua linapozama jana, leo jioni bado yatakuwa yanashuka. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupanda sana na kushuka sana, na ndipo vidimbwi vya miambani na michirizi ya mchanga hujitokeza. Wakati wa maji mafu tofauti ni ndogo, na ufukwe unakaa karibu vile vile kutwa nzima.

Unachokitafuta kwa simu ni mchanga uliotoka kuloweshwa. Wimbi likirudi baharini huacha utando mwembamba wa maji, na kwa muda wa pumzi chache utando huo ni kioo. Anga yote iko pale chini. Kisha mchanga unayanywa maji, kioo kinafifia kuanzia pembeni kwenda katikati, mpaka wimbi jingine lije. Ishushe simu mpaka iwe kiganja kimoja tu juu ya mchanga, na kama lenzi iko juu ya simu, igeuze juu chini ili lenzi iwe karibu na ardhi. Subiri wimbi lirudi, ndipo upige. Lakini usiyape mawimbi mgongo hata siku moja, na ukiwa miambani wakati maji yanajaa, hakikisha njia ya kurudi iko wazi kabla hujainama.

Jua likishazama, usiondoke. Watu wengi hufungasha dakika ile ile jua linapotoweka, na rangi bora za anga mara nyingi huja baada ya hapo, wakati mwanga wa anga na wa nchi kavu umekaribiana na simu haihangaiki tena kuchagua kati ya hivyo viwili.

Mchana wa jua kali? Pumzika, au piga vitu vidogo: kamba, kombe, rangi ya mashua iliyobanduka. Vidimbwi pia vinafaa. Ukiona mng'ao juu ya maji unakuzuia kuona ndani, weka miwani ya jua ya polaroidi mbele ya lenzi ya simu na uizungushe taratibu. Kuna pembe ambapo mng'ao unaondoka na kaa aliyejificha chini anaonekana.

Nikipiga machweo baharini, nikiisikiliza anga, bahari inakuwa nyeusi. Nikiisikiliza bahari, anga inakuwa nyeupe tupu. Nichague nini?

Umeingia kwenye shida ya zamani. Mfaransa Gustave Le Gray aliyepiga bahari katika miaka ya 1850 alikuwa nayo, tena mbaya zaidi, kwa sababu kemikali za sahani za kioo za wakati ule ziliathirika mno na mwanga wa buluu na anga ikaungua kabisa. Katika baadhi ya picha zake alitumia negativu mbili, moja ya bahari na nyingine ya anga, akazichapa pamoja na kuziunganisha kwenye upeo. Watu walistaajabu.

Simu yako hufanya karibu jambo hilo hilo ikiwasha HDR: inapiga fremu kadhaa zenye mwanga tofauti na kuziunganisha. Kwenye kamera, iweke juu ya tripodi, kile kiegemeo cha miguu mitatu, upige tatu, moja sahihi, moja −2 na moja +2, uunganishe nyumbani. Hii inafaa pale ambapo upeo umenyooka na hakuna kinachotembea karibu.

Ila ukiniuliza mimi napenda nini, nitakwambia pima mwanga wa anga na uiache bahari iwe nyeusi. Machweo ni saa ya giza kuingia. Tafuta umbo lenye maana, mtu anayetembea, mlingoti au mti uliopinda, liache liwe kivuli kitupu. Picha ambazo kila pembe ya mwamba inaonekana ilhali jua liko nyuma yake hazinishawishi, kwa sababu hakuna aliyewahi kusimama pale akaona hivyo.

Upeo wa bahari kwenye picha zangu daima umeinama, na wakati mwingine umepinda. Kwa nini?

Kuinama ni mkono: washa gridi kwenye kioo na uulinganishe upeo na mstari wake. Kupinda ni lenzi. Lenzi pana hupinda mistari iliyo karibu na kingo za picha, kwa hiyo upeo ukiuweka juu sana au chini sana unageuka upinde. Usogeze karibu na katikati, au urekebishe lenzi kwenye programu ya kuhariri.

Mwalimu, theluji ikiwa inaanguka naiona nzuri ajabu, lakini kwenye picha haipo kabisa. Nikiwasha fleshi napata madoa makubwa meupe. Nifanye nini?

Haipo kwa sababu ni nyeupe juu ya nyeupe. Chembe ya theluji huonekana tu ikipita mbele ya kitu cheusi. Geuka mpaka nyuma ya theluji kuwe na misonobari, ukuta wa matofali au mlango wenye kivuli, na utaiona inarudi.

Halafu amua unataka nini. Kwa kasi ya shata, yaani muda kamera inaoruhusu mwanga kuingia, ya 1/60 ya sekunde chembe zinakuwa michirizi mifupi, na picha inapata mwendo. Kwa 1/500 zinasimama hewani kama nukta. Mimi huanza 1/125 nikatazama upepo unafanya nini, kwa sababu upepo mkali hugeuza 1/125 kuwa mistari mirefu ya kulala. Lenzi ndefu husaidia, maana inakusanya theluji yote iliyo kati yako na unachokipiga, na inaonekana nzito zaidi.

Yale madoa ni chembe zilizo karibu kabisa na lenzi, zimepigwa na fleshi zikiwa nje ya umakini. Zima fleshi. Na umakini uuweke kwa mkono, au uufunge kwenye kitu kilichosimama, la sivyo kamera itazikimbiza chembe huku na huko na isishike lolote.

Kwa kuwa unaipenda theluji inayoanguka, nikupe kazi nyingine. Mwaka 1885, huko Jericho katika jimbo la Vermont, Marekani, kijana wa shambani aitwaye Wilson Bentley aliunganisha kamera na hadubini akapiga picha ya chembe moja ya theluji. Aliendelea hadi alipofariki mwaka 1931, akiwa amepiga zaidi ya 5000. Alikuwa akizidaka chembe kwenye ubao mweusi, kisha anazihamisha haraka kwenye kipande cha kioo kabla hazijayeyuka.

Wewe huhitaji hadubini. Chukua glovu nyeusi ya sufu iliyokaa nje mpaka ikapoa, inyooshe chini ya theluji, na utumie hali ya makro ya simu, ile ya kupiga vitu vidogo kwa karibu, au lenzi ndogo ya kubandika. Shusha pumzi pembeni, usipumulie glovu. Chembe nyingi zitakuwa zimevunjika au zimeshikana. Endelea kutazama. Itakuja moja iliyotua juu ya nyuzi za sufu, imelala bapa, mikono yake sita imekamilika na kila mkono una vijitawi vyake, nayo ni ndogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. Una sekunde chache. Joto la mkono wako linapita kwenye sufu, ncha zinaanza kuwa duara, na punde si punde ni tone la maji. Ukimweka mtoto kando yako wakati huo, mpe simu apige yeye.

Nataka maji ya bahari yawe laini kama ukungu. Je, lazima ninunue filta nyeusi? Na kama pesa yangu inatosha filta moja tu, ninunue ipi?

Mchana, ndiyo, lazima. Filta ya hatua 10 hupunguza mwanga mara 1024, kwa hiyo 1/30 inageuka kuwa zaidi ya sekunde 30, na mawimbi yote yanafutika. Lakini giza linapoingia unafika sekunde nzima bila filta yoyote, kwa ISO ya chini, yaani kamera ikiwa haiitikii mwanga upesi, na tundu la lenzi lililobanwa hadi f/11.

Ningekushawishi ujaribu nusu sekunde kabla ya ukungu. Piga wimbi likiwa linarudi, si linapokuja. Maji yanachora mistari kuzunguka kila jiwe, na bado unajua ni bahari. Sekunde 30 huifanya kila pwani ifanane na nyingine.

Tripodi ikiwa mchangani, ikandamize miguu yake kwa nguvu kabla ya kuanza, kwani kila wimbi linalopita huchimba mchanga chini yake na kamera inazama kidogo kidogo ukiwa huoni.

Kama ni filta moja, chukua polaroidi. Nyeusi unaweza kuikwepa kwa kusubiri jioni. Kuondoa mng'ao juu ya maji au barafu hakuna programu inayoweza kukufanyia sawasawa baadaye. Inakoleza pia anga, hasa upande ulio nyuzi 90 kutoka kwenye jua, lakini kwa lenzi pana itakupa anga yenye buluu nzito upande mmoja na nyepesi upande mwingine, kwa hiyo izungushe kwa kiasi.

Betri yangu ilizima ghafla kwenye baridi ingawa ilikuwa imejaa. Nilipoingia ndani lenzi ikajaa ukungu. Rafiki yangu naye kamera yake imeanza kukwama tangu atoke pwani. Tunatunzaje vifaa hivi?

Betri ya lithiamu haikuisha. Kwenye baridi kemikali zake hufanya kazi polepole na haiwezi kutoa umeme inavyotakiwa. Beba ya pili kwenye mfuko wa ndani, karibu na mwili, na uzibadilishane. Ile iliyozima ikipata joto mara nyingi inarudi na chaji yake kiasi.

Ukungu unatokana na hewa ya ndani yenye unyevu kugusa kioo baridi. Ukiwa bado nje, toa kadi ya kumbukumbu kama unataka kuzitazama picha, tia kamera kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, ufunge kabisa. Ukiingia ndani usiufungue. Maji yatashika nje ya mfuko, na kamera itapanda joto ikiwa kavu. Ipe saa moja au mbili, mpaka ukiugusa mfuko usiuone baridi. Usiiweke karibu na kikanza ili kuharakisha.

Kwa rafiki yako, nashuku chumvi au mchanga, na kama vitufe vimeshakwama ampelekee fundi asivilazimishe. Safari ijayo, asibadilishe lenzi ufukweni. Akirudi jioni ile ile, kwanza apulize mchanga kwa kipulizio cha mpira, ndipo apanguse, kwa sababu kitambaa kikivuta punje moja ya mchanga juu ya lenzi mkwaruzo hautoki. Kisha apanguse mwili wa kamera kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji yasiyo na chumvi na kukamuliwa, amalizie na kikavu. Tripodi aifungue miguu yote na kuisuuza kwa maji mengi, kwani chumvi hukaa kwenye viungo. Na wenye simu za kuzuia maji wajue kwamba vipimo hivyo hufanywa kwa maji yasiyo na chumvi. Simu ikilowa bahari, isuuze, na usiichomeke kwenye chaja mpaka tundu lake likauke kabisa.